Nani Aliweka Sahihi Kwanza

Miezi tisa niliyomtunza mzee Jitendra sikujua kama ninamtunza mtu mwenye akili timamu au mtu aliyezipoteza zamani. Nalisema mapema, kwa sababu kila anayesikia habari hii huniuliza, "Sasa wewe, mama Annonciata, ulifikiri nini?" Nilifikiri yote mawili. Asubuhi nilifikiri hili, mchana lile, na jioni, kwenye treni ya kurudi kwangu Tottenham, kichwa kiliniuma.

Mwaka huo wa 2008 alikuwa na miaka themanini. Alizaliwa Kisumu, akafundisha hesabu huko, kisha mwaka wa 1968 akaja London na mkewe na watoto wawili wadogo. Huku hakuna aliyetaka kuviona vyeti vyake. Mwishowe akapata kazi ya ulinzi katika jumba moja la makumbusho, akawekwa kwenye kiti katika chumba cha vitu vya Japani. Alikaa pale miaka ishirini na miwili, mpaka alipostaafu mwaka 1993, akiwakataza watoto wa shule kugusa vioo. Mwalimu mzima! Ningekuwa mimi ningenuna mpaka leo. Yeye hakununa, alisoma kila kibandiko kilichomo chumbani mle, na alipomaliza akaanza kuwauliza wataalamu maswali hadi wakawa wanamkwepa.

Kampuni yangu ya kutunza wazee ilinipeleka nyumbani kwake Stanmore kwa sababu, mkewe alipofariki, mzee alianza kuwajibu watu Kiswahili, na kampuni haikuwa na mwingine anayekijua. Siku ya kwanza alinisikiliza, akacheka mpaka akakohoa.

"Hiyo Kiswahili umeokota wapi?"

"Bukavu, Papa. Na yako uliokota kwa duka gani?"

Tukawa marafiki. Nilimwandalia chai, nilimnyoa, nilimpa vidonge vyake, na kabla ya kuondoka niliandika katika daftari la kazi yote yaliyotokea siku hiyo, nikaweka sahihi. Hiyo ndiyo sheria ya kazi yetu. Usipoandika, ni kama hukufanya.

Siku ile ya tatu ya Machi nilikuwa ninamnyoa ndevu, akanishika mkono, wembe ukiwa shingoni.

"Unajua Norikata?"

"Ni nani huyo? Jirani?"

Hakuwa jirani. Alikuwa bwana wa ngome huko Japani, zamani sana, kaskazini kwenye theluji. Alirithi utawala akiwa na miaka kumi na saba, naye, kwa maneno ya mzee, "hakuwa mbaya, alikuwa hapana tayari." Ukoo wa bibi yake ulimvuta huku, ukoo wa baba yake mdogo ulimvuta kule. Kila upande ulimnong'oneza kwamba upande mwingine unataka kumwua. Akaacha kumwamini yeyote isipokuwa mtu aliyemfugia vipanga, wale ndege wa kuwindia, na siku moja akampandisha mtu huyo kuwa mzee wa baraza. Mavuno yakaharibika miaka miwili, watu wakafa njaa, na bwana yuko porini na vipanga vyake.

"Basi wale wazee wa baraza wakaandika karatasi," mzee alisema. "Ati bwana apumzike, mdogo wake atawale. Lakini nani ataweka sahihi kwanza? Wa kwanza ndiye atakatwa kichwa, kama mambo ikiharibika. Sasa wakachora mviringo, kila mtu akaandika jina yake kuzunguka. Haina juu, haina chini. Hiyo karatasi mimi nilikaa mbele yake miaka ishirini na mbili, mama. Watu wote wanakimbilia panga. Hakuna mtu anaangalia karatasi."

Asubuhi moja waliingia ukumbini, wakamnyang'anya bwana panga zake kwa heshima zote, wakamfungia katika chumba chenye kuta za fito kama kizimba. Hawakumpiga, wala hawakumnyima chakula. Kila alipoletewa chai aliuliza swali lile lile: nani aliweka sahihi kwanza? Nao wakamjibu jibu lile lile: karatasi ni ya mviringo, bwana.

Niliitazama sura yake kwenye kioo. Macho yalikuwa yamejaa machozi. Kwa Mjapani! Mimi nina ndugu zangu niliowaacha kwenye vita na sikuwa nimewalilia siku hiyo. Jioni, kabla ya kuondoka, nikaandika katika daftari kwamba mteja anaamini yeye ni mfalme wa Kijapani aliyefungiwa chumbani. Nikaweka sahihi, nikakimbilia treni.

Kwani ungefikiri nini? Alikuwa na watoto wawili na ukoo ulikuwa unavutana kweli. Kalpana, mkubwa, mfamasia, alitaka baba aende kwenye nyumba ya wazee, kwa kuwa alishaacha gesi wazi mara mbili. Bhavesh, mtu wa kompyuta, alitaka baba abaki pale pale nyumbani mwake. Kalpana alileta dengu, Bhavesh akazitupa akidai zina chumvi nyingi. Bhavesh alileta redio, Kalpana akaificha kabatini. Na kila mmoja alinivuta jikoni kwa zamu yake, akaniuliza kwa sauti ya chini baba anasema nini juu yake. Niliwajibu wote kwamba baba anasema habari za Japani.

Jambo moja tu walikubaliana. Baba aweke sahihi kwenye ile hati ya kuwapa watoto mamlaka juu ya mambo yake, wakati bado anaweza. Daktari angekuja kumhoji. Akithibitisha kwamba mzee anaelewa anachokifanya, mzee angeweka sahihi kwa hiari yake na watoto wangefuata. Daktari akikataa, watoto wangelazimika kwenda mahakamani kumshitaki baba yao kwamba hana akili, na yeye asingekuwa na neno lolote katika jambo hilo. Kalpana alinieleza haya mara tatu, na mara ya tatu alikuwa analia.

Kwa hiyo jioni ya kuamkia siku ya daktari nilimkalisha mzee.

"Papa, kesho docteur anakuja. Ile habari ya chefu, ule bwana wa Japon, uiache kwanza. Minakuomba sana. Ukiisema ile, bataandika uko fou, kichaa."

"Mimi nitaisema ikihitajika."

"Haihitajike!"

"Wewe hapana jua," alisema, akaomba biskuti.

Sikulala vizuri. Nilimkasirikia, na papo hapo nilijiona mjinga kwa kumkasirikia mgonjwa, kama alikuwa mgonjwa.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye mkoba mzito. Alimwuliza tarehe, mwezi na mwaka, mzee akajibu. Akamwuliza waziri mkuu ni nani, akajibu na kuongeza maoni ambayo sikuyaandika popote. Akamwuliza hati hii ni ya nini, akaeleza kuliko mwanasheria. Kalpana alinifinya mkono kwa furaha. Bhavesh akamsogezea baba yake fomu na kalamu.

Mzee aliitazama fomu ile, mstari wa jina lake juu, mistari ya watoto chini. Akaisukuma kando, akaomba karatasi tupu. Akachora mviringo mkubwa, na kwenye ukingo wake akaandika jina lake. Kisha akawanyooshea watoto kalamu.

"Round," aliwaambia. "Like this. Everybody round."

"Dad, please," Bhavesh alisema.

Daktari akauliza kwa upole mviringo huo ni wa nini. Nami nikajua kinachokuja, nikafumba macho. Norikata akaja, na vipanga vyake, na theluji, na chai. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, halafu akanyoosha mkono akalichukua daftari langu pale juu ya friji. Alilifunua ukurasa wa kwanza, akaendelea. Nilisikia kurasa zikigeuka. Mwishowe alisema anasikitika sana, hawezi kuthibitisha.

Watoto walitoka wakigombana mpaka kwenye gari. Nilibaki ninaokota karatasi sakafuni.

"Nilikuambia, Papa! Si nilikuambia? Sasa batakufunga kama ule chefu wako!"

"Mama," alisema, "nyinyi wote mnafikiri mimi ni Norikata."

"Si wewe?"

"Hapana. Hata siku moja sikusema hivyo. Mimi ni ile mtu aliweka sahihi."

Nilikaa. Akanisimulia, kwa Kiswahili chake cha dukani, na sauti yake ilikuwa ya mwalimu. Mwaka wa hamsini na tisa baba yake alikuwa na duka Kisumu, akaanza kusahau. Aliwafukuza wateja, alifunga mlango mchana kweupe na kusahau ufunguo. Wanawe watatu wakaenda kwa wakili kuandika kwamba baba hana akili. Kaka mkubwa aliogopa. Jitendra, kwa kuwa alikuwa mwalimu, alichukua kalamu akaanza yeye. Wakamwondoa baba dukani, wakampa chumba cha juu. Hawakumpiga, wala hawakumnyima chakula.

"Miaka nne. Kila nikipeleka chai anauliza, nani aliweka sahihi kwanza? Mimi nasema, sijui, Bapuji. Mpaka alikufa mimi nasema sijui." Alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Halafu nakuja hapa, napewa kiti, naangalia mbele yangu, naona ile karatasi. Sasa nilitaka mimi mwenyewe niandike kwanza, kwa mviringo. Mtoto yangu asikuwe wa kwanza. Si Kalpana, si Bhavesh."

"Kwa nini hukumwambia docteur hivi?"

"Kwa Kiingereza sijawahi kuisema. Kwa Kigujarati siwezi. Hata mama yao hakujua."

Hapo nilichanganyikiwa kabisa. Miezi yote ile mzee alikuwa mzima? Au alikuwa mgonjwa aliyekumbuka jambo moja vizuri? Maana gesi aliiacha wazi kweli, na jana yake aliniita kwa jina la marehemu mkewe. Nilipiga simu kazini kutaka daktari arudi, wakaniambia hilo si kazi yangu. Nilifungua daftari kuandika alichonieleza, nikaona si siri yangu. Nikaandika kwamba mteja amekula vizuri. Nikaweka sahihi.

Karatasi za mahakama zilikuja mwishoni mwa Novemba. Kalpana na Bhavesh walikaa kwenye meza ya jikoni, mzee akiwa kwenye kiti chake sebuleni, mlango wazi. Kalamu ilikuwa katikati ya meza na hakuna aliyeigusa.

"Wewe ndiye mkubwa," Bhavesh alimwambia dada yake kwa Kiingereza.

"Wewe ndiye mtoto wa kiume. Si ulikuwa ukisema hivyo siku zote?"

Nilikuwa ninapanga vikombe. Pembeni ya zile karatasi niliona mwandiko ninaoujua. Ushahidi wao wa kwanza, umeambatishwa na kupigwa mhuri, ulikuwa nakala ya daftari langu, ukurasa wa tarehe tatu Machi. Mteja anaamini yeye ni mfalme wa Kijapani. Jambo ambalo hakuwahi kulisema. Chini yake jina langu zima, na sahihi yangu yenye mkia ninayoionea fahari.

Kila mtu baada yangu, daktari, wakili, watoto, alikuwa ameandika chini ya jina langu.

Nikawaambia yote, Kisumu, wakili, kile chumba cha juu, kwa Kiingereza changu kibovu, na palipokwama nikatia Kiswahili, ambacho Kalpana alikikumbuka kidogo. Nikaitoa kwenye droo ya vijiko ile karatasi ya mviringo niliyoikunja siku ya daktari, yenye jina moja tu kwenye ukingo. Nikasema nitaandika barua kwamba ukurasa ule una kosa, na kosa ni langu. Nikasema pia kuhusu gesi, maana ni kweli. Bhavesh alifunika uso wake. Kalpana aliichukua ile karatasi, akaipapasa kwa kidole kule ilikochorwa.

Hawakuwa na njia nyingine, na baba yao alihitaji mtu wa kumsimamia. Waliweka sahihi kwenye ukingo wa mviringo, kisha kwenye zile za mahakama. Niliwapa mgongo nikaangalia birika, kwa makusudi, na hadi leo sijui nani kati yao alianza.

Nilimpelekea mzee chai. Watoto wakanifuata wakasimama mlangoni, kila mmoja kwenye nguzo yake. Akanyanyua kichwa, akatuangalia wote watatu, mmoja baada ya mwingine.

"Nani aliweka sahihi kwanza?"

Jibu nililijua, la karatasi ya mviringo. Alikuwa amenifundisha mwenyewe.

"Mimi, Papa," nilisema. "Tarehe tatu, mwezi wa tatu."

Alipuliza chai yake, akanywa funda moja. Kisha akasogeza miguu yake kunipa nafasi.

"Basi kaa," alisema. "Kunywa chai."