Nilimwonea Wivu Aliyepiga Kelele

Ndugu zangu, nimeombwa niseme nilivyougua. Nitasema yote, hata yanayonitia aibu.

Mimi ni Mwanaidi, mzaliwa wa Mnyuzi. Nilipochaguliwa kwenda chuo kimoja cha ualimu Korogwe, miaka ile watu wakihamia vijiji vya ujamaa, mama alipika bada, ule ugali wa muhogo, kwa kunde akawalisha majirani. Nilikuwa msichana wa kucheka, nikilala kama gogo.

Mwaka wa kwanza, mkufunzi wa kilimo aliniambia nimfuate stoo nikachukue majembe. Akafunga mlango, akanibaka. Kisha akasema, "Ukisema, nani atakuamini? Utarudi kwenu bila cheti." Nilitoka na majembe mawili begani, nikaenda kulima na wenzangu, damu ikinichuruzika mguuni. Sikumwambia mtu.

Ugonjwa ulianzia kwenye ngozi. Nilioga mara nne kwa siku, nikijisugua kwa dodoki mpaka nikachubuka. Kisha tumbo: chakula nakitapika. Usingizi ukanikimbia. Nikishika mpini wa jembe, mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio. Hospitali nilipewa dawa za malaria. Mama alisema nina pepo, akanipeleka kwa mganga nikafukizwa. Nikarudi chuoni vile vile.

Mwaka uliofuata akaja Naserian, binti wa wafugaji wa Handeni. Mkufunzi yule alimwita stoo ile ile, akamfanyia yale yale. Lakini Naserian alitoka mbio hadi uwanjani, blauzi imechanika, akapiga kelele mpaka madarasa yote yakatoka. Jioni hiyo polisi walimchukua yule bwana.

Mngedhani nilifurahi. Hapana. Nilimwonea wivu.

Mama yake alikuja kwa basi na kibuyu cha maziwa, akakaa wiki nzima akimkanda mwanawe miguu. Wasichana walimchotea maji ya kuoga. Mkuu wa chuo alimpa pole mbele yetu sote. Mimi maji yangu nilijichotea mwenyewe mwaka mzima. Nilimtazama akilia, nikamwonea wivu hata machozi, maana yangu yalikuwa hayatoki.

Siku moja bombani nikasema, "Huyo alijitakia. Kwa nini alikwenda peke yake?" Maneno yalimfikia. Alipita mbele yangu na ndoo bila kunisalimu, nami nikafurahi. Siku hiyo nilikula nikashiba.

Mungu hakutuacha hapo. Wakati wa mazoezi ya kufundisha tulipangwa kijiji kimoja cha Handeni, nyumba moja. Yeye aliimba na watoto darasani. Mimi chaki ilinidondoka mkononi. Nilimchukia zaidi.

Asubuhi moja mwalimu mkuu alinipa jembe, akaniambia niwapeleke watoto shamba la kijiji. Sikufika. Nilianguka njiani, nikajing'ata ulimi. Nilipozinduka, kichwa changu kilikuwa mapajani mwa Naserian, watoto waliokwenda kumwita amewarudisha shuleni.

"Dada," akasema, "umeanza lini kuogopa jembe?"

"Mwaka mmoja kabla yako."

Alielewa. Akauliza, "Na bado ukanisema bombani?"

"Nilikusema."

"Kwa nini?"

"Wewe ulipewa pole."

Akanitoa mapajani, akaondoka. Nikajua sasa nimebaki peke yangu kabisa. Lakini alasiri alirudi na mama yake, maana boma lao halikuwa mbali.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Ni kweli aliyosema mwenzako?"

"Kweli, mama."

"Pole, mwanangu. Pole sana."

Nililia mpaka kamasi zikanitoka. Naserian alisimama mlangoni. "Mimi sijakusamehe," akasema. "Lakini kesho nakupeleka zahanati."

Muuguzi wa pale, mama wa makamo, alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Huna pepo wala malaria. Umeumizwa, na mwili haujasahau. Kila Jumatano uje tuzungumze." Nikaenda kila Jumatano. Nyingine nilikaa kimya tu, naye akaendelea kukunja bandeji. Polepole chakula kikakaa tumboni. Nikaacha dodoki. Usingizi ulirudi kidogo kidogo. Likizo nilimwambia mama yangu. Alikaa chini kwenye vumbi, akasema, "Nami nikakufukizia moshi!"

Kesi iliposikilizwa Korogwe, yule bwana alidai Naserian ni mwongo. Nikasimama nikaeleza yangu. Sauti yangu ilitetemeka, ya Naserian haikutetemeka, na hata pale nilimwonea wivu kidogo. Lakini yule bwana alifungwa. Tulipotoka nje, Naserian alinishika mkono, mara ya kwanza tangu maneno ya bombani, na tukaenda hivyo mpaka stendi.

Mpaka leo zipo siku mikono inatetemeka. Nafundisha, nalima, nimezaa. Namshukuru Mungu, namshukuru yule muuguzi, na mama wa Naserian aliyenipa pole wakati sikuistahili, kwa nilivyomsema binti yake.

Nanyi mabinti mlioko vyuoni, semeni, hata kama mmechelewa mwaka, hata kama ni kwa mtu mmoja. Na ukimwona mwenzako anauguzwa, roho ikakuuma kwa nini yeye, usimseme. Nenda kamwambie kwamba na wewe unaumwa.