Diski ya Kaka Subiri

Kaka yangu hakuwa mtu wa kukimbia. Tukiwa watoto mvua ilitukuta njiani, sisi tukatimua mbio, yeye akaja nyuma taratibu, ameloa chapachapa, anasema hata huko mbele kuna mvua hiyo hiyo. Alipokuwa mtu mzima akapata kazi ya kutunza chumba cha kompyuta katika chuo cha ufundi, na huko wanafunzi wakampa jina la Subiri, maana neno hilo halikumtoka mdomoni. Mimi nilikuwa nafagia chumba hicho hicho. Elimu yangu ni ya msingi tu, lakini kwa miaka kumi na moja ya kufagia huku namsikiliza, na mimi nilijua mawili matatu.

Kompyuta zile zilikuwa za Linux, mfumo unaoendeshwa kwa kuandika amri, na zilipangwa zijisafishe zenyewe kila zikizimwa, ili wanafunzi wasijaze takataka zao. Mwenye kazi ya kuhifadhi ilibidi aje na diski ya nje. Hapo ndipo kaka alipopata mahubiri yake. Alisema diski ni mgeni. Kuchomeka waya wa USB ni kubisha hodi tu, bado hajaingia. Unaangalia kwanza kompyuta imempa jina gani, unamtengea folda tupu ya kukaa, kisha unaandika amri ya kumpachika hapo. Sasa mgeni amekaa, unaweza kuzungumza naye. Na akitaka kuondoka usimvute mkono. Unaandika amri ya kumpachua, unasubiri taa yake iache kumetameta, ndipo unachomoa waya.

"Kompyuta ina haraka ya kusema imemaliza," aliwaambia kila muhula. "Inakwambia tayari, kumbe maneno bado yako mdomoni mwake, hayajashuka kwenye diski. Ukichomoa hapo, umeondoka na jina tupu."

Wanafunzi walimcheka. Hata akitoka kwenda chooni walimuuliza kama ameshapachuliwa. Yeye alitabasamu tu.

Mungu aliyempa kaka upole akampa mke asiyeufahamu kabisa. Wifi yangu alikuwa mtangazaji wa stendi ya mabasi. Alikaa kwenye kibanda cha kioo na kipaza sauti, anataja mabasi yanayoondoka, anatangaza watoto waliopotea, anawaumbua wanaume wanaojisaidia ukutani kwa kutaja rangi ya shati. Mji mzima ulimwita Mama Spika. Nyumbani hakuhitaji kipaza sauti. Ukiwa umekosana naye, majirani walijua kosa lako kabla yako. Lakini ukiwa mgonjwa, sauti ile ile ilikaa kando ya kitanda chako ikikuombea dua, nayo ikawa laini kama pamba. Kaka aliniambia mara moja kwamba akiwa kazini, upepo ukivuma kutoka upande wa stendi, humsikia mkewe anaita mabasi, na siku hiyo kazi huwa nyepesi.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Tukasema ni vumbi. Tukasema ni kazi. Akanywa asali na maji moto miezi mitatu, mpaka kumeza mate kukawa shida. Daktari akapima, akatuweka chini, akasema ni uvimbe kwenye koo, na umeshika pabaya. Sanduku la sauti litatolewa lote. Atapumulia tundu shingoni. Atapona, Mungu akipenda, ila hatasema tena.

Wifi akamuuliza daktari kama kuna mtu wa stendi aliyemhonga. Daktari akacheka. Kaka hakucheka.

Siku ya kwenda kulazwa, asubuhi, kaka alimpitisha mkewe chuoni ili arekodi sauti yake kwenye kompyuta. Binti yao alikuwa na mimba ya kwanza, naye aliolewa mbali. Wifi alitaka mjukuu aje asikie bibi yake alivyokuwa akiita. Nilisimama mlangoni na fagio nizuie watu wasipige kelele, kwa hiyo nilisikia kidogo kidogo. Alituita sote mmoja mmoja, kila mtu kwa namna alivyozoea kumwita. Alimsema kaka kwa kuacha taulo kitandani. Aliomba dua. Mwisho akamwimbia yule mjukuu ambaye hata hakuwa amezaliwa, kwa sauti ile iliyochakaa, akakatika mara mbili, akaanza tena.

Nilimpeleka hospitali mimi. Kaka alibaki kuunganisha vipande na kuvihamishia kwenye diski. Tulikuwa tunajua upasuaji ni kesho. Lakini nesi akaja akauliza kama mgonjwa amekula, nikamwambia tangu jana hajaweza kumeza kitu. Akasema ratiba imebadilika, daktari amepata nafasi leo, akaanza kumbadilisha nguo. Mimi nikapigwa na hofu. Nikampigia kaka simu, nikamwambia, "Njoo mbio, wanamwingiza sasa hivi."

Alifika anahema kama aliyefukuzwa, kamba ya kiatu inaburuta, diski imetuna kwenye mfuko wa shati. Sijawahi kumwona vile. Wifi alikuwa bado kitandani. Alimtazama, akacheka kwa taabu.

"Leo umekimbia, Subiri," akasema.

Kaka akagusa mfuko, akamwambia ipo yote. Wakashikana mikono. Kisha wakakaa hivyo karibu saa mbili nzima, maana kumbe zamu yake ilikuwa bado. Aliongea mengine kwa kunong'ona, sikuyasikia, ni yao.

Jioni ile mlinzi wa chuo alizima swichi kubwa kama kila siku, na kompyuta zikajisafisha.

Niliyajua haya siku nne baadaye. Nilimkuta kaka kwenye chumba cha kompyuta peke yake wakati wa chakula cha mchana. Diski ilikataa kupachikwa. Akaipa amri ya kuikagua na kuitengeneza, ikakubali, folda ikafunguka. Jina la faili lilikuwepo: Sauti ya Mama. Pembeni, mahali pa ukubwa wake, pameandikwa sifuri. Nikamuuliza sifuri maana yake nini. Akanyoosha kidole kwenye waya. Siku ile nilipompigia simu, kioo cha kompyuta kilikuwa kimeshaonyesha kwamba kazi imekwisha. Akachomoa.

Alijaribu miezi mitano. Kila mchana aliipachika kwa kusoma tu, isiandikwe kitu juu yake, akatafuta mabaki kwa kila programu aliyoisikia. Wanafunzi wa zamani walikuja kumsaidia, wakaondoka wameinamisha vichwa. Hakuna aliyemtania. Na nyumbani wifi alianza kupata nguvu, ana tundu shingoni lililofunikwa kitambaa cheupe, na daftari la mistari limefungwa kwa kamba kiunoni. Alipouliza kuhusu sauti, kaka alimjibu ipo. Wifi akaandika: Tutaisikiliza mtoto akija. Kaka akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwepo na nilinyamaza, Mungu anisamehe.

Mtoto akaja. Wa kike, ana wiki saba, analala mdomo wazi. Binti aliketi naye sebuleni, mumewe alikuwa amebaki kazini kwake. Kaka alikuwa na kompyuta yake ndogo nyumbani, nayo ya Linux. Wifi akaiweka mezani yeye mwenyewe, akapangusa vumbi, akafungua daftari na kuandika neno moja: Pachika.

Nikadhani kaka atatafuta kisingizio. Hakutafuta. Alichomeka waya, akaangalia jina, akaitengea folda, akaandika amri, polepole, kama anafundisha. Faili ikatokea. Akaigeuza kompyuta ili mkewe aone vizuri.

"Ni tupu," akasema. "Siku ile nilichomoa kabla ya kupachua. Nimekudanganya miezi mitano."

Binti akaanza kulia kimya kimya. Wifi aliitazama ile sifuri muda mrefu. Pumzi yake ilisikika ikipita kwenye tundu, inaingia, inatoka. Kisha akavuta daftari, akaandika mistari mingi, akanipa mimi nisome, maana kaka miwani ilikuwa imeloa. Nikasoma kwa sauti:

"Nilikuona ulivyokuja. Kiatu hakijafungwa, jasho linatiririka. Nikasema huyu mtu leo ameacha kitu huko nyuma. Tangu siku hiyo ulipokuwa unasema ipo, hukunitazama usoni. Nimekungoja useme. Na wewe ndiye Subiri."

Hapo na mimi nikashindwa. Nikawaambia kwamba nesi hakusema sasa hivi. Alisema leo. Sasa hivi niliiongeza mimi kwa woga. Kama ningesema aje tu, angefuata utaratibu wake, na sauti ingekuwepo.

Kaka akanishika bega. "Hata ungeniambia nije polepole, dada, ningekimbia."

Binti akapangusa macho, akachukua simu yake. Alisema aliwahi kutafuta ujumbe wa sauti wa mama, akaona si kitu kwa kuwa ile rekodi kubwa ipo. Simu ya zamani iliharibika, jumbe nyingi zilipotea. Umebaki mmoja. Akaubonyeza. Zikasikika honi za stendi, kisha wifi, sauti yake nzima kabla ya ugonjwa: "Nipigie basi mwanangu, chaji inaniishia." Ikakatika.

Tukaurudia. Ukikaa kuhesabu haufiki pumzi tano. Mtoto aligeuza shingo, akamtazama bibi yake, kisha simu, kisha akalala tena. Wifi alifunika uso kwa kitambaa cha shingoni, mabega yakatikisika, na hakuna sauti iliyotoka.

Kaka akauhamishia ujumbe kwenye diski. Kioo kikasema kazi imekwisha. Hakugusa waya. Akaandika amri ya kupachua, akaweka mikono mapajani. Taa ndogo ya diski ikaendelea kumetameta. Sote wanne tuliitazama, hakuna aliyejongea. Ikapepesa, ikatulia, ikapepesa tena mara moja.

Ikazima. Kaka akamtazama mkewe, na mkewe akaitikia kwa kichwa, ndipo akachomoa.