Mwanamke wa Kwenye Ubao

Mama yangu alikuwa anapika mafuta ya nazi kwa maua ya asumini na mkadi, akiyauza kwenye kibaraza cha nyumba yetu Gerezani, karibu kabisa na soko la Kariakoo. Wateja wake walikuwa wanawake, na mkubwa wao alikuwa somo wake mwenyewe, yule bibi aliyemfunda alipokuwa mwali. Alifunda mabinti wa karibu mtaa mzima. Kila penye harusi alituma kuchukua mafuta ya kumsinga na kumsugua bibi arusi, na mimi nilishawekwa kwake tangu nilipovunja ungo: siku yangu ikifika, angenifunda yeye.

Kisha maduka ya Mchafukoge yakaleta mafuta ya nywele ya kigeni, kwenye vikopo vyenye picha za wanawake wanaocheka. Chupa za mama zikaanza kulala. Chumba cha uani tulikuwa na mpangaji, mchoraji wa vibao vya gereji na baa, mtu mpole lakini mwenye jibu la kila jambo. Akamwambia mama, "Mama, biashara siku hizi ni picha. Weka mwanamke mzuri pale mbele, halafu uone." Mama akamwambia achore.

Alichora kweli. Mwanamke amejifunga khanga chini ya makwapa, bega moja linang'aa mafuta, nywele zimeachiwa, macho yamelegea. Vidole vilikuwa kama mihogo, lakini hakuna aliyetazama vidole. Uso ulikuwa wangu. Sidhani kama alikusudia. Alikuwa ananiona kila siku nikifua uani, na hakuwa na mwingine wa kumtazama. Wala sitajifanya mtakatifu, nilifurahi. Nilikuwa nikipita mbele ya ubao ule polepole kuliko ilivyohitajika.

Wanaume walijaa. Wabeba mizigo, mafundi wa gereji, hata balozi wetu wa nyumba kumi, aliyekuja kumweleza mama kwamba ule ni ubepari na unamdhalilisha mwanamke wa Kiafrika. Alieleza kwa muda mrefu sana, uso ukielekea kwenye ubao. Baadhi walinunua, mama akaona amepatia. Halafu chupa zikaanza kurudi. Mwanamke mmoja wa Ilala aliiweka yake mezani, akasema bila kupandisha sauti, "Mume wangu kaniletea haya. Mwambieni huyo wa kwenye ubao aje ampake." Wengine walivuka barabara tu. Nani angesimama kununua mafuta ya mwili wake katikati ya wanaume waliokodoa macho? Tulikusanya watazamaji, tukawafukuza wapakaji.

Alasiri moja somo alikuja mwenyewe, na buibui lake. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Hakuitikia. Aliutazama ubao, akanitazama mimi, akamgeukia mama.

"Mwanangu, haya nilikufundisha mimi?"

"Ni tangazo tu, somo," mama akasema.

"Kulegeza macho nilikufundisha. Kujipaka nilikufundisha. Lakini nilifunga mlango kwanza, nikawatoa hata watoto uani. Wewe umeyatoa nje ukayatundika, tena kwa uso wa mwali wangu. Sasa mimi nimfunde nini? Mtaa mzima umeshamwona."

Tangu siku hizo nimesikia watu wengi wakibishana kuhusu matangazo ya wanawake nusu uchi, mmoja anataja dini, mwingine anataja soko. Mimi huwa namkumbuka somo. Yule bibi hakuogopa mwili. Mambo ya kitandani aliyajua kuliko mchoraji yeyote. Kilichomuuma ni kwamba jambo la watu wawili lilifanywa la kila mpita njia, na kwamba mwenye uso hakuulizwa. Mimi mwenyewe sikuwa nimewaza kwamba ningeweza kuulizwa.

Mama alimwambia mpangaji aufute ubao siku ile ile, akaupaka rangi ya kijani. Haikusaidia. Mama alikwenda kwa somo wake kuomba radhi, akapokelewa kwa chai na heshima zote, akarudi bila jibu. Miaka michache baadaye maduka yalikauka, vikopo vya kigeni vikatoweka, na watu wakapanga foleni kwa mafuta yoyote yale. Nikikumbuka hilo roho inaniuma mpaka leo. Mama angevumilia kidogo tu, mafuta yake yangejiuza bila picha ya mtu.

Lakini mimi niliposwa kabla ya hapo. Mama akatuma ujumbe kwa bibi, jibu likaja kwamba miguu inamsumbua. Wiki ile ile alipita mbele ya nyumba yetu kwa miguu hiyo hiyo, akienda kumfunda binti wa jirani. Mabibi wengine wanaofunda walikataa kuchukua mwali wa mwenzao.

Basi alinisinga mama mwenyewe, jambo ambalo kwetu halifanywi, maana mama hamfundi binti yake. Alifunga mlango, akanikalisha kwenye mkeka nikampa mgongo, akaanza kunipaka liwa. Tuliona haya wote wawili. Nilisubiri aseme yale ya kusemwa. Alisugua mabega yangu mpaka yakauma, mwishowe akasema, "Mumeo umpikie vizuri." Kisha nikasikia analia, na mimi sikujua kama mwali anaruhusiwa kugeuka.