Mtoto Hatoki Hapa

Ukifika Kinoru, mjini Meru, upande wa juu wa uwanja wa mpira, ulizia bucha ya Halimah. Hakuna atakayekuuliza Halimah yupi. Wanawake wanaouza mboga, mitumba na chai pale ni wengi, lakini mwanamke anayesimama nyuma ya gogo na kukata nyama kwa mkono wake ni huyo mmoja. Kazi alifundishwa na baba yake, mzee Abdilatif, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume wala hakuona haja ya kulilia jambo hilo. Wateja waliposema kwamba nyama iliyokatwa na mwanamke haina ladha, mzee aliwaambia waende wakatafute ladha kwingine. Walienda. Baadaye wakarudi mmoja mmoja, kwa sababu Halimah hakuwa akiwabambikia mifupa, na alikuwa na mdomo uliowachekesha hata alipokuwa akiwasema.

Aliolewa na Khalifa, dereva wa lori la masafa marefu. Mwaka wa pili wa ndoa alijifungua mtoto ambaye hakulia. Wauguzi wa siku hiyo walimfunika mtoto kwa kitambaa cha kijani wakamtoa chumbani haraka. "Ni afadhali usimwone," walimwambia. Halimah alikuwa msichana bado, na nguvu zilikuwa zimemwisha. Akanyamaza. Watu wa nyumbani walikwenda kuzika, naye akabaki kitandani akijiuliza yule mtoto alikuwa na pua ya nani.

Miaka ikapita bila mimba nyingine. Watu walimshauri hili na lile, wengine wakamshauri Khalifa aongeze mke. Khalifa alicheka tu. Kisha, mwaka ule ule corona ilipoingia nchini, Halimah akagundua ana mimba. Alikuwa amekaribia miaka arobaini.

Kliniki aliyoizoea ilibadilika ghafla. Viti vilitengwa mbalimbali, nusu ya wauguzi walipelekwa kwingine, na wajawazito wakaambiwa wasije kama hawana shida. Wengi walifurahi kubaki nyumbani kwa kuogopa ugonjwa. Halimah alikwenda kila alipotakiwa kwenda, na hata pale alipotakiwa asiende.

"Mama, si tulisema mkae nyumbani?" aliulizwa mlangoni siku moja.

"Mlisema asiye na shida akae. Mimi nina shida."

"Shida gani?"

"Nataka kusikia moyo wa mtoto wangu. Nisikilizishe, niende zangu."

Wakampima. Aliusikia ule moyo ukikimbia, akavaa viatu vyake akaondoka bila kuaga, kwa kuwa angeongea angelia.

Mimba ilikuwa kubwa wakati habari ilipokuja kutoka Malaba. Madereva walikuwa wakipimwa mpakani, foleni ya malori ikifika mbali, na Khalifa alipatikana na virusi. Alipiga simu kutoka karantini, sauti yake nzima kabisa, akisema haumwi popote isipokuwa anachoka kwa kukaa bure. Hakuwa amekanyaga Meru kwa zaidi ya mwezi. Lakini habari ilipofika Kinoru haikubeba maelezo hayo. Ilifika ikiwa fupi: mume wa Halimah ana corona.

Siku iliyofuata karibu hakuna aliyenunua nyama. Watu walivuka barabara kabla ya kulifikia duka. Mama mmoja ambaye Halimah alikuwa akimwekea maini kila wiki alipita akiwa ameziba pua kwa leso, kana kwamba ugonjwa unanuka. Halimah aliweka ndoo ya maji na sabuni nje, akavaa barakoa yake, akasimama nyuma ya gogo mpaka jioni. Kesho yake akafanya vivyo hivyo.

Mwenye jengo, mzee Kathuri, alikuja akasimama mbali.

"Halimah, funga kidogo. Watu wanaogopa. Wapangaji wengine wanalalamika."

"Mzee, huyo mgonjwa yuko Malaba. Mimi niko hapa. Ungetaka nikuonyeshe Malaba iko wapi?"

"Mimi nakuambia kwa wema."

"Wema wako nimeupokea. Duka halifungwi."

Peninah, anayeuza ndizi na viazi upande wa pili wa barabara, ndiye peke yake aliyeendelea kuja. Alinunua nusu kilo huku akiongea kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Peninah ni mtu wa kanisa, mama wa watoto watano, na hapendi kuambiwa nani wa kumwogopa.

Uchungu ulianza asubuhi, Halimah akiwa anaosha gogo. Alijizuia kwa muda, akidhani ni mgongo. Kisha maji yakamwagika sakafuni, naye akamwita Peninah. Peninah aliacha ndizi zake bila mlinzi, wakapanda gari la jirani pamoja na mzee Abdilatif, wakashuka hadi hospitalini.

Langoni walisimamishwa. Mgonjwa peke yake aingie, wengine wabaki nje. Mzee Abdilatif alijaribu kusihi, askari akatikisa kichwa. Ndani, muuguzi aliuliza maswali ya kawaida ya wakati ule: umesafiri, umekohoa, kuna mtu wa nyumbani aliyepatikana na corona. Halimah angeweza kusema hakuna. Alisema kweli. Muuguzi akarudi nyuma hatua kadhaa, akaenda kuita wengine.

Walimweka katika chumba cha mwisho, ng'ambo ya ua, mbali na wadi ya kina mama. Walimpima puani, wakamwambia majibu yatachukua siku kadhaa. Mlango ukafungwa. Uchungu ukapanda. Aliita, na akasikia miguu ikija mpaka dirishani, kisha ikirudi. Aliita tena, safari hii kwa sauti ile ya kuuzia nyama siku ya soko.

"Nasema hivi! Huyu mtoto anakuja, mtake msitake! Kama hamji, nitamzaa mwenyewe, halafu nitatoka hapa na damu zangu nipite katikati ya wadi nikiwasalimia mmoja mmoja!"

Mlango ukafunguliwa. Aliyeingia alikuwa amefunikwa kwa nguo nyeupe toka kichwani hadi miguuni, miwani ya plastiki ikiwa imejaa ukungu wa pumzi.

"Usipite popote," akasema mtu yule. "Nilikuwa navaa. Hili gwanda lina zipu mbovu. Naitwa Kajuju."

"Sista Kajuju, usiniache."

"Siendi mahali."

Na hakwenda. Alifanya kazi ile yote ndani ya gwanda lile la joto, jasho likimdondoka hadi kidevuni, akimwambia Halimah pumua, ngoja, sasa sukuma. Jua lilipokuwa limesimama juu ya ua, mtoto akatoka. Kukawa kimya kidogo. Halimah aliinua kichwa, macho yamemtoka. Kisha mtoto akalia, kilio cha hasira, kilio cha mtu aliyeonewa.

"Msichana," Kajuju akasema, akamweka kifuani pa mama yake.

Halimah alimtazama usoni muda mrefu. Pua ilikuwa ya Khalifa, bapa na pana. Alicheka na kulia kwa pamoja. Kajuju alimpigia simu mzee Abdilatif, ambaye bado alikuwa amekaa langoni na Peninah, akaiweka simu karibu na sikio la mtoto kwa mkono wake wenye glavu. Mzee akaadhini kwenye simu, huku Peninah akimshikia mwavuli kumkinga na jua. Kajuju, ambaye ni Mmethodisti, alisubiri mpaka mwisho bila kusogeza mkono.

Mchana daktari akaja dirishani. Alikuwa kijana, Daktari Munyi, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa wiki nyingi. Aliongea kupitia kioo kilichofunguliwa nusu. Alimpongeza. Kisha akasema kwamba, hadi majibu yatoke, mtoto atahamishiwa jengo jingine na kupewa maziwa ya kopo. Ikiwa mama ana virusi, basi watakaa mbalimbali mpaka apone.

"Hapana," Halimah akasema.

"Mama, ni kwa usalama wa mtoto."

"Nimesikia. Hapana."

"Hujaelewa. Ukimwambukiza, je? Ana saa chache tu duniani."

"Daktari, mimi niliwahi kuzaa hospitali. Mtoto wangu alitolewa mbele yangu amefunikwa. Nikaambiwa ni afadhali nisimwone. Mpaka leo sijui alifanana na nani. Siku ile nilinyamaza. Leo sinyamazi. Nipe barakoa, nipe sabuni, niambie nisimpumulie, nitafanya yote. Lakini mtoto hatoki hapa."

"Si mimi niliyeweka utaratibu huu."

"Basi mwite aliyeuweka. Aje yeye anipokonye."

Daktari akaondoka. Alirudi na askari wawili na muuguzi mkubwa, wote wakasimama uani, wakitazamana. Halimah alikuwa ameshuka kitandani. Alisimama katikati ya chumba, mtoto amefungwa kifuani kwa leso, mkono mmoja umeshika chuma cha kitanda.

"Mlango uko wazi," akawaambia. "Karibuni. Nani ataingia? Si mnaniogopa? Asubuhi niliita mkanikimbia. Sasa ingieni mmchukue."

Hakuna aliyesogea. Askari mmoja alitazama viatu vyake. Muuguzi mkubwa akageuka.

"Kajuju, wewe una gwanda. Ingia umlete mtoto."

Kajuju alikuwa amekaa kwenye ngazi, kofia ya gwanda imeshushwa, akinywa maji. Alimaliza chupa kwanza.

"Nimemzalisha huyu mama," akasema. "Mtoto ananyonya vizuri. Siwezi kumtoa kwenye ziwa. Mkitaka, niandikieni barua ya kunifukuza, lakini siingii."

Daktari Munyi alisogea pembeni na simu yake, akaongea kwa muda mrefu, akisikiliza zaidi kuliko kusema. Kisha akampigia daktari mwingine, na wa tatu. Jioni haijafika, alirudi dirishani akiwa peke yake.

"Nimezungumza na wakubwa," akasema. "Wanasema kunyonyesha kunawezekana. Kitanda cha mtoto kitakuwa umbali wa mikono miwili kutoka chako. Barakoa wakati wote ukimshika. Unaosha mikono kabla na baada. Ukipata homa kali, tutazungumza upya."

"Tutazungumza," Halimah akasema. "Asante, daktari."

"Mimi pia naogopa, mama," akasema yule kijana, na akaenda kwa wagonjwa wengine.

Majibu yalipokuja, Halimah alikuwa na corona. Si kutoka kwa Khalifa. Huenda ni kliniki, huenda ni sokoni, huenda ni mteja yeyote aliyepokea chenji yake. Siku mbili hivi alishikwa na homa na kifua kikambana, na katika saa hizo alijiuliza kama ukaidi wake ungemuua mtoto. Hakumficha mtu hofu hiyo. Alimwambia Kajuju waziwazi. Kajuju alimletea uji wa wimbi uliotumwa na Peninah, akakaa naye, akampima mtoto joto mara kwa mara. Mtoto hakupata hata mafua. Alinyonya, akalala, akalia kwa hasira yake ile ile. Halimah akimshika alivaa barakoa mbili, mikono ikichubuka kwa sabuni. Polepole kifua kikafunguka.

Walipomruhusu kwenda nyumbani, mzima kabisa na amepimwa tena, ndugu walishauri arudi giza likishaingia, ili watu wasimtazame. Halimah alikataa. Alimwambia dereva amshushe mwisho wa lami, asubuhi ya soko, akatembea kupitia vibanda vyote akiwa amembeba Zuleka, kwani hilo ndilo jina alilompa, uso wa mtoto ukiwa wazi mbele ya kila mtu. Wengine waliangalia kando. Wachache walisogea kumpongeza wakiwa mbali. Alijibu salamu zote, na pale zilipokosekana alianza yeye.

Bucha ilikuwa na kufuli jipya. Mzee Kathuri alikuwa ameshapangisha chumba kwa kijana wa kuuza simu, na mizani ya Halimah ilikuwa nyuma ya jengo, imefunikwa gunia.

"Nilidhani hutarudi kwa kazi hii," mzee akasema, akiwa bado amesimama mbali. "Na mtoto mchanga..."

"Ulidhani vibaya."

Hakupigana naye. Kando ya Peninah kulikuwa na chumba cha kinyozi aliyefunga duka wakati wa corona akarudi kwao Nkubu; Halimah akakikodi. Khalifa aliporudi kutoka Malaba, kitu cha kwanza alichofanya baada ya kumshika mtoto, na hilo lilichukua muda kwa sababu alikuwa akiogopa hata kupumua karibu naye, kilikuwa kubandika vigae kwenye kuta za chumba kile. Mzee Abdilatif alileta gogo jipya kutoka msituni kwa rafiki yake. Afisa wa afya akakagua, akapitisha.

Mlango wa bucha mpya unatazamana na jengo la Kathuri, uso kwa uso. Siku ya kwanza alikuja mteja mmoja. Wiki ile wakaja wanane. Yule mama wa maini alirudi baada ya miezi mitatu, akanunua bila kusema lolote, naye Halimah akamkatia kipande kizuri bila kusema lolote. Zuleka alikua akitambaa nyuma ya kaunta, akisimama kwa kushika magunia ya viazi ya Peninah.

Na kila asubuhi, mzee Kathuri anapofungua lango la jengo lake, Halimah huinua panga juu na kumsalimia kwa Kimeru, kwa sauti inayofika mpaka uwanjani.

"Muga, mzee Kathuri!"

Na mzee, mbele ya barabara nzima, hana budi kuitikia.