Umeona ama Umesikia?

Habari ya kufa kwake ilinifikia kwenye simu, katika lile kundi letu la jamaa na wafanyabiashara wa mifugo. Mmoja aliandika kwamba mzee wa taar amefariki Garissa. Wa pili akasema ni Nairobi, hospitalini. Wa tatu akaleta picha ya mtu mwingine kabisa, ambaye namjua na juzi nimekunywa naye chai. Nikauliza, "Nani ameona?" Nikajibiwa kwa vile vikono vya dua, safu kwa safu, na swali langu likabaki pale pale. Nikachukua gari, nikaenda Garissa kuona mwenyewe.

Vijana wanaonisoma hawaijui taar. Miaka ya tisini, kabla ya simu hizi, ilikuwa redio inayopitisha sauti angani, imefungwa kwenye betri ya lori, na waya wake umetandazwa juu ya paa la duka. Unakaa Garissa, unauliza, na Buna wanasikia, Mandera wanasikia, Diff wanasikia. Ngamia aliyepotea, binti aliyejifungua, bei ya mbuzi, yote yaliulizwa pale mbele ya watu wote, na yeyote aliyekuwa na jibu alijibu. Mimi shule niliiacha darasa la pili, malori yangu nimeyanunua kwa jasho, na sioni haya kusema kwamba hayo ya kuuliza dunia nzima si mapya. Tulikuwa nayo. Tofauti ni kwamba yetu ilikuwa na mwenyewe, mzee mkali aliyeshika kile kipaza sauti kama bakora.

Mwaka ule wa mafuriko, barabara zilikatika na mama yangu alikuwa malishoni upande wa Diff. Nilishinda dukani kwa yule mzee, siku baada ya siku. Mwishowe sauti ikaja ikikwaruza: "Huyo mama amechukuliwa na maji. Mungu amrehemu." Wanaume wakaanza kuinuka, mmoja ameshika birika ili watawadhe tumswalie maiti asiyekuwapo. Yule mzee hata hakugeuka.

"Wewe wa Diff," alisema, "umeona ama umesikia?"

"Nimesikia, adeer," akajibu, akimwita ami kwa Kisomali. "Watu wote hapa wanasema."

"Watu wote si macho. Hiyo si jibu. Toka hapo, aje aliyeona." Kisha akatugeukia sisi. "Na nyinyi kaeni chini! Weka birika! Mnamzika mama wa watu kwa mdomo?"

"Adeer, mtoto wake anaumia," mmoja akasema.

"Aumie akingoja. Afadhali hivyo kuliko kulia bure."

Tukangoja mpaka baada ya swala ya alasiri. Ndipo akaja mtu mwingine hewani, anahema. "Nimeona kwa macho yangu, leo asubuhi. Yuko juu ya kilima na mbuzi wake. Aliyechukuliwa na maji ni ngamia wake wa mizigo. Mama anauliza, huyo mwanawe ameoa, ama bado anajivunia lori?"

Duka lilicheka mpaka wapita njia wakaingia kuuliza kuna nini. Nilicheka nami, kisha nikafunika uso kwa kikoi. Mzee akasema tu, "Sasa jibu. Umeoa?"

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, akanipigia kelele hadi nikaoa. Siku hizi nikiuliza jambo kwenye simu napata majibu kabla sijaweka simu chini, na namtamani yule mzee awe katikati, amkatize kila mmoja kwa swali lake lile moja. Wanangu, nanyi mkiulizwa, semeni kwanza: mmeona, ama mmesikia. Hakuna aibu kusema umesikia. Aibu ni kumfanya mtu aliye hai atandikiwe jamvi la matanga.

Nilifika makaburini wakati wanamteremsha. Nilitia mchanga kwa mikono yangu. Nikarudi garini, nikafungua lile kundi, nikaandika kwa kidole kimoja: "Nimeona." Na kwa mara hii moja, wallahi, nilitamani ningekuwa nimesikia tu.