Uwanja wa Shule na Goti Langu

Huku kwetu milimani, juu ya Soni, ukiwa na goti bovu umefungwa. Kila unapokwenda ni kupanda au kushuka. Goti langu la kulia lilikuwa likilia kama mlango wa stoo, na shamba langu la maharage liko bondeni, kando ya kijito. Mume wangu akasema tumwachie jirani alime, sisi tumezeeka. Nikamjibu amezeeka yeye. Shamba lile nilipewa na mama mkwe, na nilijua nikishalitoa sitalirudia tena. Tukakubaliana: siku ya kuvuna nikishuka na kupanda kwa miguu yangu mwenyewe, linabaki.

Hospitalini mjini, binti wa mazoezi ya viungo alinivisha miwani ya giza, akanimulika goti kwa mashine ya leza. Sikusikia moto wala baridi, nilidhani hajaiwasha. Akaniambia mwanga ule utapunguza maumivu tu, kazi iliyobaki ni yangu nyumbani. Hilo la pili sikulisikia vizuri, au nilijifanya.

Huku milimani kila goti linalouma husemwa limeingiwa na baridi. Basi nilipofika nyumbani nililifunga kwa sweta kuukuu na kanga mbili ili mwanga usipoe, nikakaa jikoni karibu na moto siku nne, nahudumiwa kama mzazi aliyetoka kujifungua. Niliporudi hospitali mguu ulikuwa umekakamaa kama mpini. Binti alizifungua zile nguo moja moja, nikamweleza sababu, akacheka mpaka akashika meza.

"Bibi, mwanga haupoi wala hauchachi. Unaochacha ni mguu, kwa kukaa."

Akanifundisha: kaa kitini, nyoosha mguu, hesabu mpaka kumi, shusha taratibu. Na kila siku nitembee kidogo mahali tambarare. Tambarare! Nilimuuliza kama yeye ni mwenyeji wa hapa. Kijiji chetu kizima kina tambarare moja tu, uwanja wa mpira wa shule ya msingi. Nikawa naenda huko kila asubuhi, na watoto wanakuja mmoja mmoja: "Shikamoo, bibi." Marahaba, marahaba, mzunguko mmoja unachukua muda wa ibada nzima. Mume wangu alikaa pembeni juu ya jiwe, akinitania kwamba nimeandikishwa darasa la kwanza. Nilikasirika, nikaongeza mzunguko.

Siku ya kuvuna niliteremka na fimbo, mume wangu akinifuata, mguu mbovu ukitangulia kama nilivyofundishwa. Goti liliuma, sitadanganya, lakini yalikuwa maumivu ya kuzungumza nayo. Nikafika kijitoni, nikashika maharage yangu, nikageuka ili mzee anione.

Hakuwa nyuma yangu. Alikuwa amekaa katikati ya mteremko, ameshika magoti yote mawili.

Nikapanda mpaka alipo. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi," akasema, hanitazami. "Ndiyo maana nilitaka jirani alime. Niliona aibu kukuambia."

Nilitaka kumgombeza kwa zile kejeli zote za jiweni, nikashindwa. Nilimhurumia mno. Nikampa fimbo yangu.

"Kupanda, mguu mzuri unatangulia," nikamwambia.

"Sina mzuri, mama watoto."

Basi nikampa na bega, tukapanda. Kesho yake asubuhi, pale uwanjani, tuliitikia marahaba sote wawili.