Ramadhani Sita za Kombo

Siku yangu ya kwanza kazini katika mahakama ya Wete, mwishoni mwa miaka ya hamsini, Bwana Hakimu alinifunulia jalada, yaani faili lenye karatasi zote za kesi, akaniambia, "Karani, hapa ni mahali pa umri. Usipaache patupu. Na ukishaandika, sitaki kuona umefutafuta." Nilikuwa kijana wa mjini, wa mtaa wa Jadida, mwenye shati la kupigwa pasi, na amri ile niliishika kuliko nilivyopaswa.

Nyinyi mna vyeti vya kuzaliwa. Wakati wetu watu wa shamba na wa visiwani hawakuwa navyo, na umri ndio ulioamua mambo. Kwetu, mtoto asiyetimiza miaka kumi na sita alichapwa viboko akarejeshwa kwa wazee wake. Aliyetimiza alitiwa jela pamoja na watu wazima. Basi karani alimhoji mzazi: mtoto alizaliwa msimu gani wa karafuu, amefunga Ramadhani ngapi.

Kombo wa kisiwa cha Kojani alikamatwa na koplo wa polisi kwa kuiba pishi mbili za karafuu zilizoanikwa jamvini. Mama yake, Bi Mize, alivuka kwa mashua kuja kumsemea.

"Kafunga sita, bwana karani," aliniambia. "Nazihesabu mwenyewe."

Nyumbani kwetu mtoto alianza kufunga ana miaka kumi. Sikumuuliza zaidi. Nilijumlisha, nikaandika kumi na sita. Kombo alikuwa na mabega mapana ya mpiga kasia, na Hakimu alipomtazama hakuona la kutilia shaka. Akampa miezi sita jela.

Adhuhuri nilimkuta Bi Mize barazani analia. "Wamesoma kumi na sita," alisema. "Basi n'mehesabu vibaya mie. Kaanza funga ana saba, kwetu wote huanza na saba."

Saba na sita ni kumi na tatu. Mlango wa Hakimu ulikuwa hatua kumi kutoka pale, na Kombo alikuwa bado mahabusu akingoja kusafirishwa. Nilimwambia yule mama, "Subira, Bi Mize," nikarudi mezani kwangu. Niliogopa kuonekana mjinga, basi. Sina sababu nyingine ya kuwapa.

Baadaye nilihamishiwa Chake Chake, nikawatumikia mahakimu watatu, na wote walinisifu kwa majalada yangu safi. Kila mzazi nilimuuliza mtoto wake alianza kufunga ana miaka mingapi. Kazi hiyo niliijua sawasawa, lakini nilijifunzia kwa mtoto wa mtu.

Nilipostaafu nilikwenda Kojani kumtafuta Kombo. Nilimkuta mtu mzima, anashona nyavu. Nilimweleza yote, mpaka zile hatua kumi.

"Mama keshakufa," alisema. "Mpaka siku zake za mwisho akisema ye ndo alonifungisha jela, kwa hesabu yake mbovu. Wewe, bwana karani, ulipata kumwambia?"

Sikupata kumwambia.